Anayesita si adui wa mageuzi

Miaka hii taasisi zetu nyingi zimo katika mageuzi. Shule zinaacha daftari la ada na kuhamia katika kompyuta. Vyama vya kuweka na kukopa vinataka michango ipite katika simu badala ya mkononi mwa mweka hazina. Zahanati zinabadili namna ya kuandikisha wagonjwa. Maduka ya familia, yaliyozoea kuendeshwa kwa kumbukumbu ya baba na uaminifu wa wateja, yanakabidhiwa vijana waliosoma, nao wanataka kila shilingi ionekane katika hesabu. Kwa sehemu kubwa mageuzi haya yana kheri ndani yake. Hata hivyo, mara nyingi tunasikia habari ile ile: mpango ulikuwa mzuri, fedha zilipatikana, mitambo ikanunuliwa, kisha baada ya miezi michache watu wakarudi katika daftari lao la zamani, au mtumishi wa miaka mingi akaandika barua ya kuacha kazi, au kamati ikagawanyika makundi mawili yasiyosalimiana.

Sababu inayotolewa aghalabu ni moja: wazee hawapendi mabadiliko. Ni sababu nyepesi, tena inamfaa anayeitoa, kwa kuwa inaiweka lawama yote juu ya mtu ambaye pengine hakuwamo hata katika kikao cha kupanga. Wiki hii tunapenda kuitazama sababu hiyo kwa jicho la saikolojia, yaani elimu ya nafsi na mwenendo wa watu, maana wataalamu wa elimu hiyo wamelichunguza jambo hili viwandani, migodini na hata majikoni kwa zaidi ya miaka 80, na waliyoyaona yanatuhusu.

Aliyeweka msingi wa uchunguzi huo ni Kurt Lewin, aliyezaliwa mwaka 1890 katika mji wa Mogilno, ambao wakati ule ulikuwa chini ya Ujerumani na leo umo Poland. Alifundisha Berlin, na mwaka 1933 Wanazi walipotwaa madaraka, yeye akiwa Myahudi, akahamia Marekani, alikofanya kazi hadi kufariki kwake mwaka 1947. Lewin alifundisha kwamba hali yoyote tunayoiona imetulia, iwe ni kasi ya kazi kiwandani au desturi ya mapishi nyumbani, haikutulia kwa kukosa kinachoisukuma. Imetulia kwa sababu kuna nguvu zinazoisukuma mbele na nguvu zinazoizuia, na nguvu hizo zimelingana.

Basi mwenye kutaka kuibadili hali hiyo ana njia mbili: ama aongeze msukumo, ama apunguze kizuizi. Zote mbili zaweza kumfikisha, lakini hazimfikishi salama sawasawa. Akiongeza msukumo kwa amri, vitisho na tarehe za mwisho, ilhali vizuizi vimebaki palepale, mvutano unazidi na hasira zinapanda. Ni mfano wa nahodha anayetweka tanga na nanga bado imo majini. Upepo ukizidi, hapati mwendo. Hupata kamba iliyokatika. Mwenye busara huuliza kwanza: nanga iko wapi, na nani anaweza kuing'oa?

Uchunguzi wake mmoja unawahusu moja kwa moja wasomaji wa ukurasa huu wa familia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia nyama ilikuwa haba nchini Marekani, na serikali ilitaka familia zizoee kula moyo, figo na tezi za mnyama. Kwetu jambo hili laweza kuchekesha, maana hapa figo na moyo hugombewa buchani. Lakini kwa akina mama wengi wa huko ile ilikuwa nyama ya kutia kinyaa. Lewin na wenzake walichukua vikundi sita vya akina mama waliokuwa wakijitolea katika Msalaba Mwekundu, kila kimoja kikiwa na watu kati ya 13 na 17. Vikundi vitatu vilipewa mhadhara mzuri juu ya lishe, gharama na haja ya taifa wakati wa vita, na wakagawiwa karatasi za mapishi. Vikundi vingine vitatu vilielezwa tatizo kwa ufupi, kisha akina mama wakaachiwa wajadili wenyewe kwa nini mtu kama wao asingependa kupika nyama hiyo. Wakataja kwamba waume hawatakubali, kwamba harufu yake jikoni inaudhi. Mtaalamu wa lishe aliongeza ushauri wake baada tu ya vikwazo hivyo kutajwa. Mwishoni wakaulizwa nani yuko tayari kujaribu wiki inayofuata, nao wakainua mikono.

Matokeo yalipofuatiliwa, miongoni mwa waliosikiliza mhadhara ni asilimia 3 tu waliopika mojawapo ya nyama ambazo hawakuwa wakizipika kabla. Miongoni mwa waliojadiliana na kuamua pamoja, walikuwa asilimia 32. Habari za lishe walizopata hazikupishana sana. Kilichopishana ni kwamba kundi la kwanza lilihutubiwa, na kila mama akarudi nyumbani peke yake na desturi yake. Kundi la pili lilitaja vikwazo vyake kwa kinywa chake, na kila mmoja akaona kwa macho yake wenzake wakiinua mikono. Mwanadamu huogopa kutoka peke yake katika desturi ya wenzake. Wakitoka pamoja, hofu hupungua.

Miaka michache baadaye elimu hiyo iliingia kiwandani. Katika mji wa Marion, jimbo la Virginia, kulikuwa na kiwanda cha Harwood kilichoshona nguo za kulalia, na wafanyakazi wake wengi walikuwa wanawake waliolipwa kwa idadi ya vipande. Kila kazi ilipobadilishwa, hata kidogo, uzalishaji ulishuka, manung'uniko yakazuka na watu wakaacha kazi. Wachunguzi wawili, Lester Coch na John French, wakapata nafasi ya kuyafanya mabadiliko kwa njia tofauti na kulinganisha, na mwaka 1948 wakachapisha waliyoyaona.

Kundi la kwanza lilikuwa la wapiga pasi 18. Badiliko lao lilikuwa dogo mno: nguo walizokuwa wakizipanga nusu dazeni juu ya kipande cha boksi, sasa wazipange nusu dazeni ndani ya boksi. Waliitwa, wakaelezwa kwamba ushindani wa soko unalazimisha, wakatangaziwa kiwango kipya cha malipo, maswali yakajibiwa, kikao kikafungwa. Kabla ya hapo walikuwa wakifikisha kiwango cha vipande 60 kwa saa. Baada ya hapo walishuka hadi karibu 50, na wakabaki huko. Walizozana na mhandisi aliyepanga kazi, wakamchukia msimamizi, wakazuia kasi kwa makusudi, na katika siku 40 za kwanza asilimia 17 yao wakaacha kazi. Walilalamika kwamba kiwango kipya kinawadhulumu, na kilipokaguliwa kikaonekana kuwa chepesi kidogo kuliko ilivyostahili.

Makundi mengine yalifanyiwa kinyume. Kwanza walionyeshwa nguo mbili zinazofanana, moja ya mwaka 1946 na nyingine ya mwaka 1947. Ile ya kwanza iliuzwa kwa bei maradufu ya ya pili. Wakaulizwa ipi ni rahisi, wakashindwa kuitambua. Hapo wakaelewa wenyewe kwa nini gharama lazima ipungue. Kisha kundi moja likachagua wawakilishi wa kusaidia kupanga kazi mpya, na makundi mawili madogo yakashiriki yote kwa pamoja. Kundi lenye wawakilishi lilirudi katika kiwango chake ndani ya wiki mbili. Yale yaliyoshiriki kikamilifu yalirudi upesi zaidi, yakapanda hadi takriban asilimia 14 juu ya kiwango cha awali, na katika siku 40 za kwanza hakuna aliyeacha kazi. Jambo la mwisho ndilo linalotugusa zaidi. Baada ya miezi miwili na nusu, wale 13 waliobaki katika kundi la kwanza waliitwa tena, wakabadilishiwa kazi kwa njia ya kushirikishwa, nao wakapanda kama wenzao. Walikuwa watu wale wale. Ukaidi ulioonekana mwanzo haukuwa tabia yao. Ulikuwa jibu la namna walivyotendewa.

Hapa tunapaswa kutoa tahadhari, maana viongozi wengine wakisikia habari hizi hukimbilia kuitisha vikao vya mapambo, ambapo uamuzi umekwisha kuandikwa na waalikwa wanaitiwa kupiga makofi. French mwenyewe na wenzake walirudia jaribio la namna hiyo katika kiwanda cha viatu nchini Norway, na mwaka 1960 wakaeleza kwamba uzalishaji haukutofautiana. Wafanyakazi wa huko hawakushirikishwa katika yale yaliyokuwa na uzito kwao. Ushauri una thamani pale tu ambapo jambo linaloshauriwa lina maana kwa anayeulizwa, na ambapo jibu lake laweza kubadili kitu. Afadhali kiongozi aseme wazi, "Hili limekwisha kuamuliwa, lile bado," kuliko kuwauliza watu na kuyatupa majibu yao.

Jambo lingine ambalo wapangaji husahau ni kwamba kila badiliko lina msiba ndani yake. Tunahesabu kitakachopatikana, anayebadilishwa anahesabu kitakachopotea. Mwaka 1951 Eric Trist wa Taasisi ya Tavistock ya London, pamoja na Ken Bamforth ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mchimbaji, waliandika juu ya migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza. Zamani wachimbaji walifanya kazi wawili au watatu, wakichaguana wenyewe. Ushirika wao ulikwenda mbali hivi kwamba mmoja akiumia au kufa, si ajabu mwenziwe kuitunza familia yake. Zikaja mashine na mpango mpya wa zamu tatu, watu 40 hadi 50 katika mzunguko mmoja, kila mmoja na kipande chake cha kazi. Kwenye karatasi mpango ulipendeza. Chini ya ardhi, kila zamu ililaumu zamu iliyotangulia, na utoro ukaongezeka. Mashine haikuleta makaa peke yake. Ilivunja undugu, na hakuna aliyeuweka undugu ule katika hesabu. Baadaye katika baadhi ya migodi wachimbaji walipata mpango mwingine: mashine zikabaki, na vikundi vinavyojisimamia vikarejea. Kumbe haikuwa lazima kuchagua moja na kuliacha lingine.

Nchi yetu nayo ina historia yake katika suala hili. Mwaka 1970 Waraka wa Rais Namba 1 uliagiza wafanyakazi wa mashirika ya umma wawe na vyombo vya kushiriki katika uendeshaji, na mwaka 1971 Mwongozo wa TANU ukawakataza viongozi kuwa wajeuri na wenye dharau kwa wanaowaongoza. Upande wa vijiji, siasa ya Ujamaa Vijijini ya mwaka 1967 ilisisitiza kwamba watu waingie kwa hiari. Lakini mwishoni mwa 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na hadi kufikia 1976 mamilioni ya watu wakahamishwa, wengine kwa nguvu. Shule na zahanati zilizokusudiwa zilikuwa jambo jema, na hilo halikanushiki. Hata hivyo wazee wetu waliohamishwa hukumbuka lori lililokuja asubuhi kabla ya kukumbuka shule. Namna jambo linavyoletwa huingia katika jambo lenyewe, na hukaa katika kumbukumbu za watu muda mrefu.

Hata sheria ya leo imelitambua hilo. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi kwa sababu za uendeshaji atoe taarifa, aeleze sababu, na ashauriane juu ya njia za kuepusha au kupunguza upunguzaji huo, namna ya kuwachagua watakaoondoka, wakati wa kufanya hivyo na malipo yao. Mashauriano hayo si hisani ya mwajiri. Ni vyema kila familia ambayo riziki yake inategemea ajira ikalijua hilo kabla ya siku ya barua.

Sasa tuyarudishe haya kwetu. Chukueni mfano wa mweka hazina wa shule au chama, aliyeshika daftari kwa miaka 25. Kwa vijana wa kamati, daftari ni karatasi. Kwake yeye ni amana. Ndani yake mna uthibitisho kwamba hakula senti ya mtu, mna heshima ya watu kumwendea nyumbani kuuliza deni lao, mna sababu ya yeye kuamka na kuvaa vizuri. Siku anapoambiwa kwamba kompyuta imefika na kijana wa miaka 23 ndiye atakayeishika, hasikii habari ya kompyuta. Anasikia mojawapo ya mambo mawili: "Tumekushuku" au "Umekwisha." Akikaa kimya kikaoni, watu hudhani amekubali. Akianza kuchelewa, kusahau funguo, kudai kwamba mashine imekosea, watu husema ni mkaidi. Hakuna aliyemwuliza anaogopa nini.

Tungependa kuzishauri kamati na familia zetu mambo machache. Kwanza, kabla ya kununua chochote, waitwe wale watakaoitumia kazi hiyo kila siku, waelezwe tatizo na si suluhisho, waonyeshwe hesabu zenyewe kama wale wa Marion walivyoonyeshwa nguo mbili. Pili, waulizwe swali hili waziwazi: nini kitawazuia? Kila kizuizi kinachotajwa kiandikwe bila kubishana nacho. Kuna kizuizi cha miwani, kuna cha lugha ya mashine, kuna cha kuogopa kuchekwa na vijana. Vingi vina dawa isiyo ghali. Tatu, itafutwe kazi ya heshima kwa ujuzi wa zamani. Mweka hazina wetu anajua nani hulipa baada ya mavuno na nani akikawia pana ugonjwa nyumbani. Kompyuta haijui hayo. Nne, atolewe mtu wa kumfundisha faraghani, asisomeshwe mbele ya wajukuu zake. Tano, watu wapewe muda wa kukosea bila kuaibishwa, na daftari na kompyuta viende pamoja kwa kipindi kilichotajwa mwanzo na mwisho wake. Lewin alilifananisha badiliko na barafu, ambayo huyeyushwa, ikahamishwa, kisha ikagandishwa upya. Wengi wetu hutaka kuihamisha kabla haijayeyuka, na wengine huihamisha wakasahau kuigandisha, basi baada ya mwezi imerudi ilikotoka.

Hatusemi kwamba kila anayepinga ana haki. Wapo wanaopinga mashine kwa sababu mashine itaonyesha kilichokuwa kikifichwa, na upole haukusudiwi kuwalinda hao. Wala hatusemi kila jambo lipigiwe kura. Maradhi ya mlipuko yakiingia, daktari hangoji kikao. Wala kushauriana si kumalizana. Wapo watakaosikilizwa kwa haki na bado wasiridhike, na kiongozi hana budi kuendelea. Lakini hata huyo asiyeridhika, akisikilizwa, huondoka akijua alihesabiwa kuwa mtu.

Neno letu la mwisho ni kwa walio nyumbani, kwa kuwa mageuzi ya kazini hurudi jioni pamoja na mwenye kazi. Baba anayerudi kimya, mama anayefoka kwa jambo dogo la chumvi, huenda siku hiyo amebadilishiwa meza, msimamizi au zamu. Tusimharakishe kwa kumwambia kwamba dunia imebadilika na yeye abadilike. Analijua hilo kuliko sisi. Tumwulize anachokikosa katika kazi ya zamani, naye akieleza, tusimkatize. Vijana ambao wamezaliwa na simu mkononi wanaweza kumsaidia kwa nusu saa kila usiku, kwa adabu ile ile aliyowafundishia wao kufunga kamba za viatu. Na kama katika familia yako yumo anayeongoza mageuzi hayo katika shule, chama au duka, mkumbushe kabla hajatoka kesho asubuhi amtafute yule anayesita kuliko wote, akae naye, na amwulize anaogopa kupoteza nini. Jibu atakalolipata, insha Allah, litamfaa kuliko ripoti aliyoibeba mkobani.